Boksi la Boxing Day lilikuwa kibubu

Swali la wiki lilikuwa: "Boxing Day ilitoka wapi, na ngumi zinaingiaje hapo?" Ngumi haziingii kabisa, ingawa mapromota wa Dar es Salaam wanaopanga mapambano tarehe 26 Desemba wanazidi kutuchanganya. Jina limetokana na boksi, tena boksi lisilo la mbao wala la karatasi. Kwa wanagenzi, yaani vijana waliokuwa wakijifunza kazi kwa mafundi, wa Uingereza ya karne ya 17 lilikuwa kibubu hasa: chombo cha udongo wa kuchoma, kimezibwa kote, kimeachwa mwanya mmoja tu wa kupitisha sarafu. Wateja walitumbukiza chochote Krismasi ilipokaribia, kisha kibubu kikapasuliwa na vijana wakagawana. Hakikuwa na kifuniko, kwa hiyo mwenye mkono mrefu asingeweza kuchomoa kitu kabla ya siku yake bila kuacha vigae.

Samuel Pepys, Mwingereza aliyeweka shajara maarufu, ameandika humo, tarehe 19 Desemba 1663, kwamba alikwenda kwa mshona viatu wake, akalipa deni lote, kisha akatia kitu katika boksi la vijana kwa ajili ya Krismasi. Angalieni mpangilio: kwanza bili, halafu boksi. Ilikuwa nyongeza ya malipo kwa waliokutumikia mwaka mzima. Miaka 47 baadaye hiari ilikuwa imekwisha geuka lazima. Tarehe 26 Desemba 1710 mwandishi Jonathan Swift alilalamika kwamba wahudumu wa mkahawa wa kahawa wamepandisha "kodi" yao, kila mtu anatoa sarafu ya krauni nzima, naye akatoa kwa kuona haya.

Ndiyo maana tafsiri yetu ya "Siku ya Kupeana Zawadi" hainiridhishi. Kiambishi "-ana" kinadai mimi nikupe nawe unipe. Boksi halikurudi. Lilitoka kwa bwana kwenda kwa mtumishi, kwa mteja kwenda kwa mpeleka barua au mzoa taka. Liko karibu zaidi na bahashishi, au na mkono wa Idi ambao mkubwa humpa mdogo.

Wapo wanaolihusisha na masanduku ya sadaka makanisani, yaliyofunguliwa sikukuu ya Mtakatifu Stefano, tarehe hiyohiyo. Inapendeza, maana katika Matendo ya Mitume 6 Stefano ni mmoja wa wale saba waliowekwa kusimamia mgawo wa chakula cha wajane. Lakini kwa ushahidi wa maandishi, kibubu cha wanagenzi kina nguvu zaidi.

Mapumziko yenyewe yaliingia sheriani mwaka 1871, kwa sheria ya sikukuu za benki iliyosukumwa na mbunge John Lubbock. Uskoti haikupewa 26 Desemba; ilipewa Mwaka Mpya. Afrika Kusini imeibadili jina, ikaiita Siku ya Nia Njema. Kwa anayengoja fedha kutoka benki ya Uingereza, hapa ndipo wengi hukosea hesabu: tarehe ikiangukia wikendi, mapumziko husogezwa mbele. Mwaka 2021 Krismasi ilikuwa Jumamosi na Boxing Day Jumapili, hivyo benki zikafungwa Jumatatu ya 27 na Jumanne ya 28 pia.

Na chakula? Watumishi waliofanya kazi Krismasi waliruhusiwa kwenda kwao siku ya pili, kwa hiyo mezani kwa tajiri palibaki nyama baridi. Mpaka leo Waingereza hula kiporo cha batamzinga, na viazi vilivyobaki huvipondaponda pamoja na kabichi wakavikaanga. Nyama iliyopikwa iingie kwenye friji ndani ya saa 2 na iliwe ndani ya siku 2. Pilau la kwetu lina masharti makali zaidi: lipoe na kuingia kwenye friji ndani ya saa 1, liliwe ndani ya saa 24, lipashwe mara moja tu mpaka litoe mvuke. Baadhi ya vijidudu vya mchele huvumilia kuchemshwa, na wali ukilala sufuriani usiku kucha huacha sumu ambayo moto wa asubuhi hauiondoi.