Taa za sola za nje: pima paneli na ukague betri kabla ya kuamini wati za kwenye boksi

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba ulinunua taa nne za sola zilizoandikwa wati 300 kwa ajili ya uzio wa nyumba yako ya Kigamboni, kwamba miezi ya mwanzo zilikuwa zinakesha, na kwamba sasa zinazimika saa tatu usiku. Unataka kujua ununue zipi, uzitunzeje, na kama hizo ulizonazo bado zinafaa. Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza taa za aina hii katika mwambao wa Tanga na Pangani, ambako hewa ya chumvi ni ile ile ya kwenu, kwa hiyo nitakujibu kwa yale ninayokutana nayo kazini.

Wati zilizoandikwa kwenye boksi hazikuambii lolote kuhusu mwanga utakaoupata. Kinachoamua kwanza ni ukubwa wa paneli, na huo unaweza kuupima mwenyewe dukani kwa rula. Paneli nzuri, jua likiwa kali, hutoa takriban wati 200 kwa kila mita moja ya mraba. Paneli ya sentimita 35 kwa 25, ambayo ndiyo ninayoiona kwenye taa nyingi zinazouzwa kwa jina la wati 300, hutoa kama wati 18 tu. Kwa siku yenye mawingu kiasi, hesabu saa nne za jua kamili, kisha ondoa theluthi moja inayopotea kwa joto, vumbi na katika kuchaji kwenyewe. Utabaki na wati-saa 48 hivi, yaani umeme wa kuwasha wati 48 kwa saa moja. Usiku wetu huku karibu na ikweta una takriban saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo taa hiyo inaweza kuwaka hadi alfajiri kwa wati 4, si zaidi. Wati 4 za LED nzuri hutoa lumeni (kipimo cha mwanga) 400 au zaidi kidogo, yaani kama nusu ya mwanga wa balbu ya zamani ya wati 60, na kwa geti au njia ya kuingilia ndani mwanga huo unatosha kabisa. Taa ya wati 300 za kweli inayokesha ingehitaji paneli za karibu mita saba za mraba. Mfanyabiashara anayekuuzia namba hiyo anajua kwamba huna desturi ya kupima, na jambo hili linanikera kwa sababu wanaoumia ni watu waliojinyima ili wapate mwanga.

Baada ya paneli inakuja betri, na hapa ndipo taa nyingi zinapofia. Uliza kama ni lithiamu ya fosfeti ya chuma, ambayo seli yake moja huandikwa volti 3.2, au ni lithiamu ya kawaida, ambayo huandikwa volti 3.7. Ile ya kwanza huvumilia joto vizuri zaidi na huchajiwa na kutumika mara 2,000 hivi kabla haijachoka. Ya pili mara nyingi huanza kulegea kati ya mara 300 na 500, yaani ndani ya mwaka mmoja au mmoja na nusu ikiwa inatumika kila usiku. Kwa mfano wangu wa wati-saa 48, betri ya volti 3.2 inahitaji angalau saa-ampea (kipimo cha chaji ambayo betri hubeba) 15 ili kukesha usiku mmoja, na ukitaka ivuke siku ya mvua ya masika bila kukuacha gizani, itafute yenye saa-ampea 30. Seli nyembamba zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65 haziwezi kubeba zaidi ya saa-ampea 3.5 au hapo karibu; ukikuta moja imeandikwa 9.9, irudishe.

Hivi karibuni nilifungua taa ya mteja mmoja wa Pangani iliyokuwa na dalili kama za kwako. Ndani kulikuwa na nafasi za seli sita, lakini zilizowekwa ni mbili tu, na nne zilizobaki zilikuwa tupu. Raba inayozuia maji ilikuwa imekatika kwenye pembe moja. Kupitia hapo sisimizi walikuwa wameingia na kujaza udongo juu ya saketi, na ncha za shaba zilikuwa zimeota ukoga wa kijani. Paneli yake ilikuwa nzima kabisa. Ndiyo maana nakushauri uombe kufunguliwa taa moja kabla ya kununua. Muuzaji akikataa, angalau ipime kwa mkono, kwa sababu betri ya kweli ina uzito. Kwa pwani tafuta pia alama ya IP65 au zaidi, inayoonyesha kwamba taa inazuia vumbi na maji ya kurushwa, skrubu za chuma kisichoshika kutu, na mwili wa alumini badala ya plastiki nyembamba.

Kama taa itakaa chini ya upenu, kwenye baraza au karibu na mwembe, usinunue ile ambayo paneli na taa ni kitu kimoja. Nunua yenye paneli ya pembeni inayounganishwa kwa waya, uifunge paneli juu ya bati. Kivuli cha tawi moja kinachoangukia vipande vichache vya paneli hushusha chaji ya paneli nzima. Ielekeze kaskazini, kwa kuwa sisi tuko kusini mwa ikweta, na uilaze kwa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iteremke na vumbi. Usiiweke mahali inapomulikwa na taa nyingine usiku, kwa sababu taa nyingi hutumia paneli hiyo hiyo kutambua giza, nazo zitadhani bado ni mchana.

Utunzaji si mgumu. Futa paneli kwa kitambaa laini na maji baridi asubuhi na mapema, kabla kioo hakijapata moto, kila mwezi wakati wa kiangazi na mara nyingi zaidi kama uko kando ya barabara ya vumbi. Usitumie maji ya kisima chenye chumvi wala steli waya. Kabla ya masika kagua raba na mahali waya unapoingilia, na palipoachia pazibwe kwa silikoni.

Kuhusu taa zako nne, usizitupe bado. Zisafishe, ziache zichaji kwa siku nzima ya jua, kisha jioni fundi apime betri. Ikiwa seli za volti 3.7 hazifiki hata 4, betri zimechoka, na kuzibadilisha ni nafuu kuliko kununua taa mpya. Weka aina ile ile iliyokuwepo: chaja ya seli hizo hupanda hadi volti 4.2, na seli ya 3.2, ambayo mwisho wake ni 3.65, itaharibika humo. Seli iliyoshuka chini ya volti 2 au iliyovimba usijaribu kuifufua. Ukishabadilisha, tumia rimoti kuziweka kwenye mwanga hafifu unaoongezeka mtu anapopita, na zitafika alfajiri.