Kwenye skrini yako ulifunga breki, kwenye yake hukufunga

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni mwanafunzi hapa Dodoma. Tuna ligi ya mbio za magari mtandaoni, madereva 14. Wengi tuko Nkuhungu, Ipagala na hosteli za UDOM, wawili wako Dar. Tunatumia gemu la Assetto Corsa, na seva, yaani kompyuta inayotuunganisha sote, tumekodi Ujerumani. Ijumaa iliyopita tukiwa kwenye barabara ya Monza ya Italia, kona ya kwanza, nilipewa adhabu ya sekunde 10 kwa kumgonga mwenzangu kwa nyuma. Kwenye marudio yangu, yaani rekodi ya mbio iliyohifadhiwa na kompyuta yangu, sikumgusa kabisa. Kwenye marudio yake nimemvaa kama gari halina breki. Aliyetoa adhabu naye alikuwa anashindana, na adhabu hiyo ilimpandisha kutoka nafasi ya tatu hadi ya pili. Nani anadanganya hapa? Na tuandike sheria gani ligi isivunjike?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hakuna anayedanganya. Nafanya kazi ya mitandao ya kompyuta, na jioni nakaa kwenye jopo la waamuzi wa mbio hizi, kwa hiyo kesi ya aina yako nimeiona mara nyingi. Inaniuma kwa sababu huwa inavunja urafiki wa watu ambao wote wamesema kweli.

Katika mbio hizi kila kompyuta hukokotoa gari la mwenyewe tu. Gari la mwenzako unaloliona ni makisio. Seva inakuletea taarifa za mahali alipokuwa na spidi aliyokuwa nayo kitambo kidogo nyuma, na kompyuta yako inalisogeza mbele kana kwamba ataendelea na spidi ileile. Kwenye barabara iliyonyooka makisio hayo ni mazuri sana. Shida inaanza mtu anapokanyaga breki, maana habari ya breki bado iko njiani.

Umewahi kusafiri usiku kwenda Morogoro, mbele yenu kuna lori la mahindi lililotoka Kibaigwa, taa zake za breki hazifanyi kazi? Dereva wenu anajua lori limepunguza mwendo pale tu linapoanza kuwa kubwa kwenye kioo. Mtandaoni kila gari ni lori hilo, na wa mbele naye hajui kama wewe wa nyuma umeshakanyaga. Ndiyo maana kwenye skrini ya mwenzako ulionekana hukufunga breki. Kompyuta yake iliendelea kukusukuma mbele kwa spidi ya zamani, ikaona kivuli chako kimeingia kwenye bampa lake, ikamrusha. Kwenye kompyuta yako ulikuwa umesimamia breki vizuri, na hapakuwa na mgongano wowote.

Tuipime kwa namba, kwa sababu sheria yenu itatoka humo. Gari la mbio la aina ya GT likifunga breki sawasawa hupoteza kama kilomita 54 kwa saa ndani ya sekunde moja. Taarifa ikichelewa sekunde 0.1, makisio yanakosea kama sentimita 8. Ikichelewa 0.2, sentimita 30. Ikichelewa 0.4, mita 1 na sentimita 20. Ikifika 0.5, karibu mita 2. Angalia vizuri: ukizidisha ucheleweshaji mara mbili, kosa linazidi mara nne. Kwa hiyo dereva mwenye pingi (muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi) ya juu lakini tulivu ni salama kuliko mwenye pingi nzuri inayoruka kutoka milisekunde 60 hadi 500 mtu wa chumba cha pili anapofungua video. Ligi nyingi hupiga marufuku pingi kubwa na kusahau inayoruka. Mimi naona huko ni kumwadhibu mtu kwa umbali wa nyumba yake na kumwacha mhusika wa ajali.

Sasa seva yenu. Mwanga ndani ya nyaya za fiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dodoma hadi Ujerumani, kupitia Dar, chini ya bahari hadi Bahari ya Shamu, kisha Mediterania, ni karibu kilomita 10,000. Kwenda na kurudi ni milisekunde 100, yaani sekunde 0.1, kabla hujahesabu ruta hata moja. Na taarifa yako ili imfikie mwenzako aliye Ipagala, mtaa wa pili tu, inapanda hadi Ulaya na kushuka tena! Kutoka hapa hadi Dar ni kama kilomita 450; kwa hesabu ya waya peke yake, kwenda na kurudi haifiki milisekunde 5. Programu ya seva inakuja na gemu lenyewe, hivyo tafuteni kompyuta ya kuiweka hapa nchini. Ila isiwe nyuma ya bando la simu, kwa kuwa kwenye mitandao ya simu wateja wengi huwa wanachangia anwani moja ya nje ya intaneti, na wenzenu hawataweza kuifikia. Iwe kwenye fiba yenye anwani ya kudumu. Badiliko hilo moja litapunguza ugomvi wenu kuliko kurasa kumi za kanuni.

Kisha kila dereva apime muunganisho wake wiki nzima, kati ya saa 2 na saa 4 usiku, muda uleule wa mbio, kompyuta ikiwa imeunganishwa na ruta kwa waya. Andikeni kwamba anayeruka zaidi ya milisekunde 100 juu ya wastani wake mara kwa mara ataanzia nyuma ya safu, na gari lake likianza kurukaruka katikati ya mbio atapisha. Hajakosa chochote, na asichukuliwe kama mkosaji. Lakini wenzake 13 wasibebe hatari ya laini yake.

Kuhusu uamuzi nasema bila kuzunguka: aliyeshindana asihukumu mbio aliyoshindana. Hata akiwa mwadilifu kiasi gani, refa hawezi kuvaa jezi. Kwa watu 14 inawezekana kabisa. Wekeni wawili wasiokimbia raundi hiyo, wapokezane kila wiki, na wa tatu aitwe wakikosa kukubaliana. Malalamiko yaandikwe ndani ya saa 24, yaambatane na faili la marudio kutoka kwa pande zote mbili, na usiku wa mbio pasiwe na mabishano kwenye grupu la WhatsApp. Asiyeleta marudio yake, ushahidi wa mwenzake utumike. Waamuzi waangalie mguu kwanza: je, kwenye marudio yake mwenyewe huyu alikanyaga breki pale alipokanyaga mizunguko iliyopita? Hilo mtandao hauwezi kulibadilisha, kwa kuwa gari lake limekokotolewa kwake.

Kwa kanuni za kuendesha msianze upya. Chukueni za FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari: anayelinda nafasi abadili uelekeo mara moja tu, na akirudi kwenye mstari wa mbio kuelekea kona, aache walau upana wa gari moja hadi ukingo wa barabara. Mimi kwa mbio za mtandaoni huongeza nusu gari, kwa sababu ya zile sentimita 30 za makisio. Mambo ya setingi ya gari yasiwachoshe: gari moja, setingi moja ya kiwandani, misaada ileile ya uendeshaji kwa mwenye usukani na mwenye padi ya mkononi.

Msisahau utambulisho wa dereva. Mei 2020 Daniel Abt, dereva wa Formula E, mbio za magari ya umeme, alimweka mchezaji wa kulipwa aendeshe kwa jina lake kwenye mbio za mtandaoni. Aliondolewa kwenye matokeo, akatozwa yuro 10,000 zilizokwenda kwa hisani, na timu yake ya Audi ikamsimamisha kwenye kiti cha gari la kweli. Hosteli zina vyumba vya watu wanne na kompyuta moja. Kila dereva asikike kwa sauti yake hewani kabla ya kuanza, ijulikane ni yeye.

Na umeme au seva ikikatika? Januari 2023, kwenye Le Mans ya mtandaoni ya saa 24, mbio zilisimamishwa mara mbili kwa bendera nyekundu, na Max Verstappen, dereva wa Formula 1, alipoteza muunganisho akiwa anaongoza. Kama kule ilitokea, kwenu itatokea. Andikeni sasa, kabla hamjajua nani ataumia: seva ikianguka kabla ya nusu ya mizunguko, mbio zinarudiwa; baada ya robo tatu, matokeo yanabaki; katikati yake, pointi nusu. Anayekatikiwa umeme peke yake amemaliza mbio yake hapo. Inauma, najua, lakini hakuna mwamuzi atakayeweza kupima mita ya kila nyumba.

Sasa kesi yako. Adhabu ile isimamishwe, kwa kuwa aliyeitoa alikuwa anashindana na alinufaika nayo. Watafuteni wawili ambao hawakukimbia Ijumaa, wape mafaili yote mawili. Kama kwenye faili lako ulikanyaga pale pale pa kila mzunguko, na tofauti ya magari kati ya mafaili mawili inazidi nusu gari, liandikwe kuwa tukio la mtandao, na sekunde 10 zifutwe. Mwenzako hatarudishiwa nafasi aliyopoteza, kwa hiyo mpigie simu wewe mwenyewe umweleze alichokiona na ulichokiona. Lakini kama ulichelewa breki kwa mita tano, zile sekunde ni zako, na umpe pole ya kweli.