ISO 800 ya Nikon na ISO 800 ya Fuji mbona hazifanani?

SWALI: Habari za kazi fundi. Mi napiga picha za harusi hapa Tanga, nina Nikon D750 na juzi nimeongeza Fujifilm X-T3 ya mkononi. Sasa ukumbini naziseti sawasawa, ISO 800, shata 1/125, f/2.8 zote, ila nikifungua RAW (faili ghafi ambazo kamera haijazichakata) kwenye kompyuta, za Fuji zina giza, bi harusi yuleyule taa zilezile. Nimeuziwa kimeo?

JIBU: Hapana ndugu yangu, usiirudishe kabla hujaipima. Watu wengi wanaiona ISO, yaani namba ya unyeti wa kamera kwa mwanga, kama kilo ya sukari kumbe kwenye dijitali sio hivyo, kanuni yenyewe inaitwa ISO 12232 na inampa mwenye kiwanda njia zaidi ya moja za kuipata hiyo namba. Fuji wanafuata ile inayoangalia JPEG (picha iliyokwisha kuchakatwa na kamera), kwamba kijivu cha wastani kikae kwenye 118 katika skeli ya 0 mpaka 255, Nikon wao wanatumia ile ambayo kiwanda kinapendekeza chenyewe, na hakuna hata moja kati ya hizo inayokuahidi RAW itatokaje, kwa hiyo kulinganisha kamera mbili kwa kuangalia RAW tu utazionea bure.

Ila kabla ya yote ingia kwenye menyu ya Fuji uangalie DR (dynamic range, seti ya kulinda sehemu zenye mwanga mkali). Ikiwa kwenye DR400, ambayo kwa X-T3 inakubali kuanzia ISO 640, kamera inapunguza RAW stopu mbili (kila stopu moja ni kukata mwanga nusu) makusudi ili shela jeupe lisiungue, halafu inaipandisha kwenye JPEG. Kuna programu haziisomi hiyo seti, ndo unaona giza. Weka DR100 kwanza, hiyo haipunguzi kitu. Na kwenye Nikon zima Active D-Lighting, nayo inacheza na mwanga wa picha.

Halafu taa za ukumbi. Umeme wetu ni 50 Hz, kwa hiyo LED za bei rahisi zinacheza mara 100 kwa sekunde, shata ya 1/125 haimalizi hata mzunguko mmoja, hapo hata kamera moja tu picha mbili mfululizo zinaweza kutofautiana. Usipimie humo. Toka nje kivulini mchana, kadi ya kijivu, kamera zote kwenye manyuo (unaseti kila kitu mwenyewe), kadi ijaze fremu, piga JPEG na RAW kwa pamoja. Lenzi nazo zinakula mwanga tofauti hata zikiandikwa f/2.8 zote, kwa hiyo unachopima ni kamera na lenzi yake.

Mita, kile kipima mwanga cha ndani ya kamera, ni habari nyingine kabisa, yenyewe ikiona shela inaleta giza na ikiona suti nyeusi inazidisha mwanga, kwa kamera yoyote ile, usiichanganye na ISO.

Kama bado Fuji iko chini, iongezee mwanga theluthi moja moja ya stopu mpaka kijivu kilingane, na hiyo tofauti ndo utaiweka kila ukitoka nazo zote mbili. Ukibadilisha lenzi pima upya.