Jibu: Vifaa vya kuundia jahazi la mfano, Unguja

Waalaikumu salaam, mdogo wangu. Nimekuelewa: unataka kuunda jahazi la mfano la kuweka sebuleni, na umeambiwa huna budi kuvuka hadi Dar kwenye duka la vifaa hivyo. Usikate tiketi bado. Kwanza chora. Jahazi la mita 12 kwa kipimo cha 1:20 litatoka sentimita 60, na kila kitu ukigawe hivyo hivyo: mkuku (uti wa chini wa chombo), mataruma (mbavu zake), mlingoti, foromali (boriti inayobeba tanga). Ukiingia dukani bila mchoro, muuzaji ndiye atakayekuchagulia.

Mbao usinunue. Nenda Nungwi kwa mafundi wa majahazi, uombe mabaki kwa adabu, na ukae uwatazame wanavyofanya kazi. Hilo pekee linatosha safari. Kwa anayeanza, msufi ni laini, unakatika kwa kisu. Mvule ni mgumu, na vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua, kwa hiyo vaa barakoa. Msasa namba 120 na 240, tupa ya kusugulia mbao na gundi nyeupe ya mbao tafuta sokoni Darajani, mjini Unguja. Dar ufuate vilivyokosekana tu, kama biti za keekee za milimita 1.

Tanga lishone kwa kitambaa cha marekani, yaani pamba, ila supaglu usiiguse hapo kabisa: ikikutana na pamba hupata moto ghafla na kuunguza. Ikikuganda vidoleni, roweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni. Ikiingia jichoni, usilazimishe kope kufunguka. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.