Damu inachelewa kuganda, mbona naambiwa inaganda mno?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 31 na mimba zangu tatu zimeharibika, zote kabla ya wiki ya 10. Katika mimba ya pili kipimo cha VDRL kilionyesha kaswende. Nikachomwa sindano, na nyumbani pakazuka maneno mazito, ingawa mume wangu alipimwa akakutwa hana. Juzi nimeambiwa damu yangu inachelewa kuganda, nina kingamwili za kardiolipini, na nirudi kupimwa baada ya miezi mitatu. Nisubiri nini? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Nianze na kaswende, maana naona ndiyo iliyokuumiza zaidi. VDRL haimtafuti kijidudu mwenyewe, bali hutumia kardiolipini, mafuta yaliyotolewa kwanza kwenye moyo wa ng'ombe, ili kunasa kingamwili zinazoyashika. Mwenye kingamwili kama zako anaweza kuonekana ana kaswende bila kuwahi kuugua. Sindano hazikuwa kosa, kwa kuwa kaswende isiyotibiwa huua watoto tumboni, lakini omba kipimo kinachotafuta kingamwili za kijidudu chenyewe. Hicho kwa kawaida hubaki chanya hata baada ya tiba, hivyo kikitoka hasi leo, mwoneshe mumeo karatasi hiyo.

Kuhusu kuganda, ndani ya kichupa cha maabara damu huhitaji mafuta aina ya fosfolipidi, jamii moja na kardiolipini, ili igande, na kingamwili zako huyang'ang'ania, ndiyo maana inachelewa. Mwilini mambo hugeuka: kingamwili hizohizo hujishika kwenye protini iliyo juu ya kuta za mishipa na chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia kuganda), zikaichochea damu kufanya mabonge, na pia huliathiri kondo la mtoto. Ugonjwa huu, sindromu ya antifosfolipidi, ulielezwa na Graham Hughes huko London mwaka 1983.

Unaambiwa usubiri kwa sababu maambukizi ya kawaida yanaweza kuzizalisha kingamwili hizi kwa muda, kisha zikatoweka, na mimi singependa ubebe jina la ugonjwa wa maisha kwa majibu ya siku moja. Kipimo hurudiwa baada ya wiki zisizopungua 12. Hakikisha vinapimwa vyote vitatu: kardiolipini, beta-2 glaikoproteini (ile protini niliyoitaja), na kile kiitwacho antikoagulanti ya lupasi, yaani kizuia-kuganda cha lupasi, jina linalopotosha, kwani wengi walio nayo hawana lupasi (ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe) wala haiwakingi na mabonge. Ukiwa umeanzishiwa heparini au wafarini, dawa za kuzuia damu kuganda, waambie watu wa maabara kabla hawajakutoa damu, maana dawa hizo huvuruga majibu.

Ugonjwa ukithibitika, mjamzito hupewa asprini ya dozi ndogo pamoja na sindano za heparini, na wengi hujifungua salama. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ukibanwa pumzi ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na ukishika mimba kabla ya wiki hizo 12 kutimia, usingoje tarehe uliyopewa. Mrudie mtaalamu wako mara moja.