Kupungua na kunenepa tena: kwa nini watafiti hawana jibu moja

Dada uliyeuliza kama kupungua kilo halafu zikarudi, mwaka hadi mwaka, kunaumiza moyo kuliko kubaki mnene tu: swali lako limewagawa watafiti kwa zaidi ya miaka 30. Nimefanya kazi ya udadisi kwenye tafiti za kisukari na presha hapa Dar, nyumba kwa nyumba na mizani mkononi, kwa hiyo nakuambia pale ugumu ulipo.

Mwaka 1991 yalitoka matokeo ya utafiti wa moyo wa miaka mingi kwenye mji wa Framingham, Marekani: watu ambao uzito wao ulipanda na kushuka sana walikufa zaidi, hasa kwa maradhi ya moyo, kuliko waliotulia. Mwaka 1994 jopo la wataalamu hukohuko likapitia tafiti zilizokuwepo, likasema ushahidi hautoshi kumzuia mtu mnene kupunguza uzito. Shida ni hii: mizani inakuonyesha kilo zimeshuka, haikwambii kilichozishusha. Aliyejinyima kula na aliyekondeshwa na ugonjwa waliwekwa kapu moja.

Hili nimekutana nalo sana. Unamuuliza mama, "Uliwahi kupungua kilo tano au zaidi?" Anajibu ndiyo. Ukimdadisi, mara ya kwanza alikuwa ananyonyesha, ya pili malaria ilimlaza, ya tatu alifiwa na mumewe. Ya nne ndiyo diet. Kwenye fomu zote ni tiki ileile! Kilo zake anazikumbuka za kadi ya kliniki ya ujauzito tu, nyingine anakadiria kwa gauni lililombana. Na wapo wanaoficha kabisa, maana mtaani ukikonda watu wanasema una ngoma.

Majaribio nayo magumu. Huwezi kumwambia mtu anenepe tena makusudi ili umpime. Mtafiti wa Marekani Kevin Hall na wenzake mwaka 2016 walitoa matokeo ya washiriki 14 wa The Biggest Loser, shindano la TV la kupunguza uzito, waliopimwa miaka 6 baada ya shindano. Wengi walikuwa wamerudisha kilo nyingi, na miili yao bado ilichoma takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Ni matokeo mazito, ila hao walipungua kwa kasi ya kutisha. Mimi siwezi kuyabebesha kwa mtu aliyepunguza ugali wa usiku.

Kwa hiyo dada, andika uzito wako kila mwezi, tarehe, na sababu ya mabadiliko, umpelekee daktari. Kama kilo zinashuka bila wewe kujinyima, nenda kapime wiki hii. Zile za mwisho zilishukaje?