Jibu: kuku wa huli huli anaungua nje, ndani mbichi

Dada, umesema kuku wako wa huli huli, yaani kuku wa kuchoma wa Kihawaii, aliungua nje huku mfupani bado ana damu, na mara ya pili, ulipomlaza kwenye nanasi usiku kucha, nyama ikawa kama uji. Hayo ni makosa mawili tofauti.

La nanasi kwanza. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja nyama, na usiku mzima ni mrefu mno. Chemsha juisi yake dakika chache kabla ya kuchanganya na sosi ya soya, tangawizi, kitunguu saumu na sukari. Moto huua nguvu hiyo, ladha inabaki.

Kuungua ni kwa sababu ya sukari, inaungua kabla ndani hakujaiva. "Huli" kwa Kihawaii ni geuza, na Ernest Morgado, aliyemtangaza kuku huyu kule Hawaii tangu 1955, alilirudia neno hilo mara mbili kwenye jina. Basi geuza kwelikweli! Sogeza makaa upande mmoja wa jiko, kuku akae upande wa pili, funika, geuza kila dakika tano. Mchuzi mpake dakika kumi za mwisho tu, na uwe ule uliotenga pembeni, si ule uliomlazia kuku mbichi.

Wahawaii wenyewe huchomea kuni za kiawe, mti wa jamii moja na mathenge, ule mti wa miiba wa Baringo, Kenya. Kwa hiyo ukiyapata makaa ya mathenge, usiyaache. Moshi wake unanoga sana.